Gari la zamani linalokula oili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilinunua Ipsum ya 2007, cc 2400, na wiki ya tatu tu nikakuta oili iko chini ya alama ya mwisho, wakati nilikuwa nimemwaga na kuweka mpya siku ya pili baada ya kuichukua. Mafundi watatu walinipa majibu matatu tofauti, ila wote walikubaliana kwamba injini ifunguliwe. Hakuna aliyeniuliza inakula kiasi gani kwa kilomita ngapi. Tangu hapo watu wamekuwa wakiniletea maswali yao kuhusu jambo hili, na mengi yanafanana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu, kwa sababu nimeona injini nyingi zikifunguliwa bila sababu, na nyingine zikifa kwa sababu mwenye gari hakuwahi kuchomoa kile kijiti cha kupimia.

Gari kutumia oili kidogo si jambo la kawaida?

Ni kawaida. Ringi za pistoni huacha utando mwembamba wa oili kwenye ukuta wa silinda ili chuma kisisagane na chuma, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Hakuna injini isiyounguza hata tone. Tunachotafuta ni kiasi.

Vitabu vya magari mengi, Toyota zikiwemo, huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Wauzaji wa magari wanaupenda sana mstari huo. Sasa upigie hesabu. Injini ya 1NZ, ile ya cc 1500 kwenye IST na Premio ndogo, inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Ikila lita 1 kwa kilomita 1,000 na wewe unamwaga oili kila kilomita 5,000 bila kupima katikati, itakauka kabla hujafika kilomita 4,000, na itakuwa imeanza kuumia mapema kuliko hapo. Kikomo cha kitabu kinamfaa mtu anayepima kila wiki.

Mimi nina vipimo vyangu, na nitavitaja kama maoni yangu tu. Chini ya lita 0.3 kwa kilomita 1,000 kwenye gari lililokwisha kutembea kilomita 150,000, ongeza oili uendelee na maisha. Kati ya 0.3 na 0.5, tafuta chanzo bila haraka. Ikizidi 0.5, panga fedha na muda wa kulishughulikia, na hadi siku hiyo ifike usitembee bila chupa ya oili kwenye buti.

Taa ya oili haijawaka. Ingekuwa imepungua si ingewaka?

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia, kwa hiyo soma jibu hili taratibu.

Ile taa nyekundu ya kibirika kwenye dashibodi inapima presha ya oili. Haipimi oili imebaki kiasi gani. Pampu inanyonya oili kutoka chini kabisa ya sampu, lile karai la oili lililo chini ya injini, na maadamu mdomo wake umezama, presha ipo na taa imezima, hata kama umebakiwa na nusu ya oili unayotakiwa kuwa nayo. Siku mdomo huo ukivuta hewa, taa itawaka. Mara ya kwanza huwaka unapokata kona au unapofunga breki, kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja wa sampu, kisha inazima na wewe unajiambia ni waya. Katika sekunde hizo chache beringi za kranki zimezunguka bila oili. Zikirudia mara kadhaa, injini inaanza kugonga.

Yapo magari yenye taa nyingine, mara nyingi ya rangi ya machungwa, inayopima kiwango cha oili. Mengi ya magari ya zamani tunayoyaendesha hayana. Kama huna uhakika na lako, lichukulie kuwa halina.

Nipimeje ili nijue kwa hakika?

Utahitaji daftari dogo, kitambaa kisicho na nyuzi na chupa yenye alama za kipimo. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha.

Chagua sehemu moja iliyo sawa, na iwe hiyo hiyo kila mara. Mimi natumia sakafu ya saruji mbele ya nyumba, asubuhi kabla ya kuwasha, wakati oili yote imeshuka kwenye sampu. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka kigote, kichomoe tena. Ule mchomoo wa kwanza usiuamini, kwa sababu oili imepanda pembeni ya mrija na kukipaka kijiti juu zaidi ya ilipo. Kigeuze uangalie pande zote mbili, halafu chukua ule upande wenye alama ya chini zaidi. Oili mpya ina rangi hafifu na haionekani vizuri, kwa hiyo kilaze kijiti juu ya karatasi au kielekeze kwenye mwanga.

Jaza mpaka alama ya juu kabisa, kisha andika tarehe na kilomita. Endesha kama kawaida yako. Pima kila baada ya kilomita 300 hivi, na usingoje ifike alama ya chini. Ukifika kilomita 1,000, rudi pale pale pa siku zote, halafu ongeza oili kidogo kidogo kwa ile chupa yako mpaka irudi kwenye alama ya juu. Kiasi ulichoongeza ndicho ilichokula. Kwa magari mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo hata kwa macho unaweza kukisia, ila makisio hayo usimpelekee fundi. Mpelekee namba.

Rudia mara mbili. Mara ya kwanza Ipsum yangu ilionyesha lita 0.7, mara ya pili 0.75. Hapo nilijua nina tatizo la kweli, na nilikuwa na kitu cha kulinganisha kila nilipobadilisha kifaa. Bila namba hizo ningebadilisha valvu ya bei ndogo nikidhani imesaidia, kumbe wiki hiyo nilitembea kidogo tu.

Gari halikuwa linakula. Limeanza mara tu baada ya sevisi.

Angalia kwanza kama fundi alijaza kupita alama. Hili linatokea sana: galoni ni ya lita 4, injini inachukua 3.7, na fundi anaimimina yote ili isibaki. Oili ikizidi, kranki inaichapa mpaka inatoa povu, na mvuke wake unavutwa kwenda kuungua. Gari litaonekana linakula kwa kasi mpaka oili ifike mahali pake, kisha litatulia. Kama imezidi sana usisubiri itulie, toa ya ziada.

Jambo la pili ni filta mpya. Huwa tupu, na gari likiwashwa mara ya kwanza inameza oili yake. Ukipima kabla ya kuwasha na tena baada ya kuwasha utaona tofauti, na hiyo siyo kula.

Kwa gari lililobadilishwa injini, thibitisha kwamba kijiti ni cha injini hiyo. Nimewahi kuona kijiti cha injini nyingine, kirefu kidogo kuliko kinachotakiwa. Kilikuwa kikisoma oili imejaa wakati imepungua karibu lita nzima.

Chini ya gari hakuna hata tone. Ina maana haivuji?

Hapana. Oili inaweza kuvuja gari likiwa linatembea tu, likapulizwa na upepo chini ya bodi lote. Inaweza kudondokea bomba la ekzosi na kuungua hapo hapo: harufu utaisikia ukisimama kwenye foleni, lakini chini pakavu. Inaweza pia kukusanyika juu ya lile kava la plastiki la chini ya injini na usiione mpaka kava litolewe.

Osha injini, endesha siku mbili, kisha pita na tochi. Anzia juu, kwa kuwa oili hushuka; sehemu iliyolowa chini kabisa mara nyingi siyo inayovuja. Gasketi ya tapeti kava ndiyo ya kwanza kukauka na kupasuka kwenye magari ya umri huu, na bei yake ni ndogo. Kisha angalia sili za kranki, ya mbele nyuma ya puli na ya nyuma pale injini inapokutana na giaboksi, halafu swichi ya presha ya oili na mahali filta inapokaa. Toa pia koili uchungulie visima vya plagi. Ukikuta oili imejaa humo, sili za visima zimechoka. Oili hiyo inatoka juu ya plagi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ringi zimekwisha.

Moshi unaniambia nini?

Mengi, mradi ujue umetoka wakati gani. Moshi wa oili una rangi ya bluu na harufu kali ya mafuta yaliyoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi, Njombe au Limuru, ni mvuke tu na unaisha injini ikipata joto. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni tatizo jingine la gasketi ya hedi.

Sasa ule wa bluu. Mwambie mtu awashe gari asubuhi wewe ukiwa umesimama nyuma. Likitoa wingu moja la bluu kisha likaacha, shuku sili za valvu. Usiku kucha oili imechuruzika polepole kupitia sili zilizokauka mpaka juu ya pistoni, na ukiwasha inaungua yote kwa pamoja.

Kipimo cha pili ni mteremko mrefu. Shuka ukiwa umeachia mafuta, gia ikiwa imezuia gari, mtu mwingine akikufuata kwa mbali. Mkimaliza kushuka, kanyaga. Wingu la bluu likitoka hapo ni dalili ya sili za valvu na gaidi zake (mirija inayoongoza mashina ya valvu), kwa sababu wakati wote ulioachia mafuta manifoldi ilikuwa inavuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia hapo. Madereva wanaoshuka Kitonga kutoka Iringa wanalijua wingu hilo, ingawa si wote wanaojua maana yake.

Moshi ukitoka wakati unapandisha au umebeba mzigo, na ukaendelea kutoka muda wote unaokanyaga, geukia ringi na silinda.

Dalili hizi zinaingiliana. Gari la miaka 18 linaweza kuwa na sili zilizokauka na ringi zilizoganda kwa pamoja.

Langu halitoi moshi kabisa, na bado oili inapungua.

Ndiyo hali ya kawaida kwa magari yenye masega kwenye ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi. Lita 0.5 zikigawanywa kwenye kilomita 1,000 ni sehemu ndogo sana ya tone kila mzunguko, na masega yakiwa ya moto yanaiunguza isionekane. Toa plagi zote nne, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi yenye ukoko mweusi unaong'aa kwa oili, au majivu meupe magumu upande mmoja, inakuonyesha silinda inayokula. Ikiwa moja tu kati ya nne ndiyo chafu, una bahati ya aina fulani, kwani tatizo liko mahali pamoja. Zote nne zikifanana, chanzo kinazihusu zote: PCV, aina ya oili, au ringi za oili zilizoganda.

PCV ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Kwa sababu ni rahisi kuliko vyote na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Kila mlipuko unapotokea, moshi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka chini kwenye kranki. Moshi huo lazima utolewe, la sivyo presha inapanda humo na kuanza kusukuma oili kwenye sili. Kazi ya valvu ya PCV ni kuurudisha kwenye manifoldi ukaungue. Ikiganda wazi, inavuta oili pamoja na moshi. Ikiziba, presha inabaki ndani na oili inatafuta njia yoyote ya kutokea.

Washa injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta. Fungua polepole kifuniko cha kujazia oili, ukijikinga na matone ya moto, kisha weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo na kung'ang'ania, mfumo unapumua vizuri. Ikirushwa na kupigapiga huku moshi ukitoka, ama PCV imeziba ama ringi zinapitisha moshi mwingi. Chomoa valvu yenyewe uitikise sikioni. Nyingi zinatakiwa kulia kama njuga. Isiyolia imeganda kwa tope la oili.

Badilisha, tembea kilomita 1,000, pima tena. Usibadilishe kitu kingine chochote katika kipindi hicho, maana hutajua ni kipi kilichosaidia.

Fundi amepima kompresheni na iko sawa. Mbona bado linakula?

Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi, na jibu lake nililiona kwa macho siku pistoni za Ipsum zilipowekwa mezani.

Pistoni ina mifereji mitatu. Miwili ya juu hubeba ringi za kompresheni, zinazozuia moshi na nguvu ya mlipuko. Wa tatu, wa chini, hubeba ringi ya oili, yenye vipande viwili vyembamba na chemchemi katikati yake. Kazi ya hiyo ni kukwangua oili iliyozidi ukutani na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyotobolewa ndani ya mfereji. Kwangu ringi za juu zilicheza vizuri kwa kidole. Ya oili haikucheza. Ilikuwa imezama kwenye mfereji, imeshikwa na kitu cheusi kama lami iliyokauka, na vitundu vya nyuma yake vyote vilikuwa vimeziba, sindano haipiti. Oili ilikuwa haina njia ya kurudi, kwa hiyo ilibaki ukutani na kuungua.

Ndiyo maana kompresheni ilisoma vizuri. Geji inapima ringi za juu. Ringi ya oili ikiganda, geji haina habari.

Hata hivyo kipimo hicho kifanywe, kwa sababu kinakuambia mambo mengine. Silinda nne ziwe karibu karibu. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mwambie fundi amimine kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda hiyo umelika. Isipopanda, chunguza upande wa valvu.

Kuna injini zinazojulikana kwa ugonjwa huu?

Zipo, na ni vizuri kujua kama yako ni mojawapo kabla ya kumlaumu fundi au aliyelimiliki kabla yako.

1ZZ ya Toyota, cc 1800, iliyo kwenye Wish, Allion, Premio na RAV4 ndogo, inajulikana hasa matoleo yake ya mwanzo. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo na huziba mapema. 2AZ ya cc 2400, iliyo kwenye Ipsum, Harrier, Alphard, RAV4 na Camry, ina tatizo la namna hiyo hiyo kwa magari mengi ya kuanzia 2006. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani ilitoa waraka wa kiufundi kwa mafundi wake kuhusu injini hiyo: gari lililokula zaidi ya kwati 1 kwa maili 1,200, yaani kama nusu lita kwa kilomita 1,000, libadilishiwe pistoni na ringi za muundo mpya. Baadaye muda wa dhamana uliongezwa huko kwa ajili ya kazi hiyo. Magari yetu yaliyotoka Japani hayamo kwenye mpango huo, lakini kuna faida moja kwetu: pistoni zilizorekebishwa zipo sokoni.

Kwa wenye Subaru, na Kenya ni wengi, injini ya FB25 kwenye Forester za 2011 hadi 2014 ililetewa kesi ya pamoja Marekani kuhusu kula oili, na makubaliano yakafikiwa 2016. Injini hizo zimelala, kwa hiyo ukizizima subiri zaidi kabla ya kupima ili oili iteremke.

Yote haya hayana maana kwamba kila 2AZ inakula. Nimeona zilizotembea kilomita 250,000 zikiwa safi, zote za watu wanaomwaga oili mapema.

Nikiweka oili nzito, 20W-50, si itaacha kuungua?

Inaweza kupungua, na kwa injini iliyochoka si dhambi kupanda daraja moja. Kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40 katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatua ninayoikubali, mradi kitabu cha gari kinaitaja. Kuruka moja kwa moja hadi 20W-50 kwenye injini ya VVT-i, yenye mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu, nisingekushauri, kwa sababu mfumo huo unaendeshwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika asubuhi. Na kumbuka kwamba ringi iliyoganda inabaki imeganda.

Jambo la maana kuliko uzito ni ubora. Oili bandia ipo, imefungwa vizuri na ina lebo nzuri. Nunua kwa mtu utakayemrudia akikuuzia vibaya.

Dawa za chupa zinasaidia?

Zile za kuongeza uzito wa oili zinaficha tu. Za kulainisha sili za valvu wakati mwingine zinapunguza wingu la asubuhi kwa muda.

Kuna njia nyingine inayostahili maelezo: kulowesha pistoni. Plagi zinatolewa, pistoni zote zinawekwa katikati ya mwendo wake, na dawa ya kuyeyusha kaboni inamiminwa kwenye kila silinda na kuachwa saa kadhaa au usiku kucha. Kwa ringi zilizoshikwa na kaboni laini inaweza kuzifungua. Kwangu ilishusha kutoka lita 0.7 hadi 0.5 kwa muda wa miezi miwili, kisha ikarudi.

Ukijaribu, zingatia hili kwa makini: kabla ya kurudisha plagi, nyonya dawa yote iliyobaki, funika matundu kwa kitambaa na upige stata plagi zikiwa nje. Kimiminika hakigandamizwi. Kikibaki juu ya pistoni na ukawasha, konrodi inapinda, na hapo umehama kutoka tatizo la oili hadi tatizo la injini nzima. Fanya mbali na moto, toa fyuzi ya pampu ya petroli, zima mfumo wa koili, na mwaga oili pamoja na filta mara baada ya kazi.

Nifungue injini au ninunue nusu injini?

Kama chanzo ni sili za valvu, usikubali hata kimoja. Sili hubadilishwa bila kutoa hedi: kemu zinatolewa, silinda inajazwa hewa ya kompresa, au inaingizwa kamba kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, kisha sili zinabadilishwa moja moja. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mtulivu.

Kama ni ringi, chaguo ni gumu. Nusu injini ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ni ya haraka, lakini jiulize imetoka wapi. Imetoka kwenye gari la aina na miaka ile ile kama lako, ikiwa na pistoni zile zile zenye vitundu vile vile, na huna njia ya kujua oili yake ilimwagwa lini. Ukiichukua, fungua tapeti kava papo hapo dukani. Chuma cha rangi ya asali kinakubalika. Tope jeusi la kukwangua kwa kucha, iache.

Mimi nilichagua kufungua. Masharti niliyompa fundi: silinda zipimwe kwa maikromita kabla ya kununua kitu chochote, pistoni na ringi ziwe za muundo mpya, ukuta wa silinda uchanwe upya kidogo ili ringi zishike, sili za valvu zibadilishwe wakati huo huo, na PCV mpya. Kuweka ringi mpya kwenye ukuta uliong'arishwa na kulika ni kupoteza fedha. Itakula vile vile. Tangu hapo ninaongeza kama lita 0.1 kwa kilomita 1,000.

Gari langu ni dizeli lenye tabo.

Kabla ya yote, toa bomba la hewa linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula, kile kipoza hewa. Utando wa oili ni kawaida, dimbwi si kawaida. Shika shafti ya tabo na uitikise kwenda pembeni. Ikigusa ukuta imekwisha. Hili usiliahirishe, kwa sababu dizeli ikianza kunywa oili yake kupitia tabo inaweza kupiga resi yenyewe na isizimike kwa ufunguo.

Oili yangu haipungui, inapanda. Niko salama?

Hauko salama. Kitu kingine kinaingia humo, petroli au maji. Harufu ya petroli kwenye kijiti inaonyesha injekta inayovuja au silinda isiyowaka. Rangi ya maziwa ya chai kwenye kijiti ni maji ya rejeta. Utando mweupe chini ya kifuniko pekee, kwenye gari la safari fupi fupi sehemu za baridi, mara nyingi ni unyevu tu. Petroli inayoingia inaweza pia kuficha oili inayoungua: kijiti kinasoma pale pale wiki zote huku oili ikizidi kuwa maji.

Naweza kuendelea kuendesha wakati ninakusanya fedha?

Unaweza, kwa miaka hata, mradi kiwango hakishuki chini ya nusu ya kijiti. Pima kila unapojaza petroli. Endelea kumwaga oili kwa ratiba yake. Kuongeza mpya juu ya ile chafu hakuhesabiki kama kumwaga. Hasara inayokusubiri iko kwenye plagi, zitakazochafuka mapema, na kwenye masega, kwa sababu fosforasi iliyomo kwenye oili inayaua polepole. Masega yakiziba gari linakosa nguvu na kupata joto, na wengine hufikiri giaboksi imeharibika.

Ninataka kununua gari la mkononi. Nitajuaje kama linakula?

Nenda asubuhi bila kutoa taarifa, na uguse boneti kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa ya moto, wamelipasha ili ule moshi wa kwanza usiuone. Omba kurudi siku nyingine. Chomoa kijiti kabla ya kuwasha. Oili mpya kabisa, safi, imejaa mpaka juu, kwenye gari ambalo kila kitu kingine ni kichafu, inataka maelezo. Pitisha kidole kwenye mdomo wa ekzosi: masizi makavu ni sawa, mafuta meusi yanayong'ang'ania kidoleni si sawa. Chungulia kwenye tundu la kujazia oili kwa tochi ya simu. Kisha fungua buti na uinue zulia pale kwenye tairi ya akiba. Mtu ambaye gari lake linakula huwa na chupa ya oili iliyobaki nusu hapo, na mara nyingi anasahau kuitoa.